Maombi ya mitaa yanapanda, majibu nayo yashuke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mtendaji wa kata mstaafu. Nilianza kazi kama mtendaji wa mtaa hapa Dodoma enzi za Manispaa, baadaye nikawa mtendaji wa kata, na mwaka 2021 nikakabidhi muhuri na funguo za kabati.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la kijana mmoja jirani yangu, mtumishi wa Serikali aliyehamia hapa kutoka Dar es Salaam pamoja na wizara yake. Jumapili moja alinikuta napalilia mchicha nje ya nyumba, akaniamkia, akasimama kidogo, kisha akasema: "Mzee, naomba kuuliza. Hivi hapa Dodoma mkubwa ni nani? Meya, Mkurugenzi au Mkuu wa Wilaya?"

Nilimweleza. Meya ni diwani kama madiwani wengine, ila wenzake wamemchagua awe mwenyekiti wa Baraza. Sisi wananchi hatumpigii kura ya umeya. Waliompigia kura ni watu wa kata yake, tena ya udiwani. Naibu wake naye hutoka kwa madiwani haohao, na nafasi yake hupigiwa kura upya kila mwaka. Mkurugenzi wa Jiji hachaguliwi, anateuliwa na Rais. Ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na ndiye katibu wa Baraza, na wakuu wa idara wote wako chini yake. Mkuu wa Wilaya si mtu wa halmashauri. Yeye anaiwakilisha Serikali Kuu wilayani na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama. Juu yake yupo Mkuu wa Mkoa, na halmashauri zote nchini zinasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo makao yake yako hapahapa mjini.

"Kumbe hakuna mkubwa mmoja," akasema.

Nikamjibu kwamba hakuna, na sioni ubaya wa hilo. Ubaya ni pale mwananchi anaposhindwa kujua lipi ni la nani. Kijana yule ana shahada na kila asubuhi anakwenda kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Kama yeye hajui, bibi wa Hombolo mwenye shamba lake la zabibu, ambaye naye ni mkazi halali wa Jiji hili, atajulia wapi?

Kwa Dodoma mkanganyiko huu una asili yake. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, na kwa zaidi ya miaka arobaini mji mmoja ukaishi na mamlaka mbili. Ardhi na mipango miji vilikuwa vya CDA. Shule, zahanati, masoko na taka vilikuwa vya Manispaa. Sisi watendaji tulikuwa wa Manispaa, lakini wengi waliokaa kwenye mabenchi yetu walishika karatasi za viwanja, na kazi yetu ikawa kuwaelekeza njia. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja CDA na majukumu yake yakahamia Manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018, Siku ya Muungano, akatangaza kwamba Manispaa sasa ni Jiji. Hadi leo ukisikia mtu wa Dodoma anasema "nakwenda Jiji", mara nyingi ana shida ya kiwanja.

Tulifurahi kwamba mambo yamekusanywa sehemu moja. Lakini Julai ya mwaka uleule wa 2017, barabara za mitaa zilitolewa kwenye halmashauri zote nchini zikapelekwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Yaani ardhi ilipoingia, barabara zikatoka. Habari ya kwanza kila mtu aliisikia redioni. Ya pili ilitufikia taratibu sana huku chini, na hapo ndipo penye kisa changu.

Kata niliyomalizia kazi sitaitaja, wala ofisi zilizopokea karatasi zetu, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe.

Kati ya mitaa yetu miwili palikuwa na korongo. Wanaoijua Dodoma wanajua makorongo yetu: miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Ikifika Januari, mvua inanyesha huko vilimani, wewe uliko ni kukavu kabisa, mara unasikia mvumo na maji mekundu yanakuja na matawi ya miti. Shule ya msingi ilikuwa ng'ambo. Asubuhi moja nilimkuta mama mmoja kambeba mtoto wa darasa la pili mgongoni, viatu vya mtoto kavishika mkononi, anapima maji kwa mti kabla ya kila hatua, na mwalimu yuko upande wa pili kanyoosha mkono kumpokea. Wazazi walikuwa wamepanga viroba vya mchanga wakanyage juu yake, lakini maji yalikwisha kuvibeba. Nilivuka nyuma ya yule mama. Maji yalinifika magotini na nilihisi mchanga ukihama chini ya nyayo zangu.

Mkutano wa mtaa ulikaa, wananchi wakasema kwa sauti moja kwamba kipaumbele cha kwanza ni kalvati. Kamati ya mtaa ikaandika muhtasari, ukaja kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji, yaani mimi. Tukapitisha. Nikapeleka juu.

Robo mwaka iliyofuata tukakaa tena. Waliowahi kukaa kwenye vikao hivi wanaijua ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita. Likasomwa: korongo, linafanyiwa kazi. Robo nyingine: korongo, linafanyiwa kazi. Nilikuwa na kaunta buku yangu binafsi, ukurasa wa kushoto naandika ombi la mtaa, ukurasa wa kulia jibu na tarehe ya jibu. Kwa korongo lile, ukurasa wa kushoto uliandikwa mara saba. Wa kulia ulibaki mweupe.

Diwani wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, siku moja akachukua muhtasari mkononi akaenda kuulizia yeye mwenyewe. Alirudi kabla ya saa sita mchana. "Mtendaji," akaniambia, "tunaandika pasipohusika. Hii ni ya TARURA." Jioni ile nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikachora na ramani kwa kalamu, nakala kwa Mkurugenzi. Haikupita wiki ya tatu, mhandisi akaja na mabuti yake, akashuka korongoni, akapima. Kalvati lilijengwa mwaka wa fedha uliofuata. Lipo mpaka leo.

Ndugu Mhariri, robo saba ni karibu miaka miwili. Misimu miwili ya mvua watoto walivushwa mgongoni kwa sababu mimi katibu sikujua anwani, na kwa sababu katika njia yote ambayo karatasi ile ilipita hakuna aliyeirudisha akaandika pembeni: hapa siyo, peleka pale. Naumia nikikumbuka, maana kujibu kungechukua mstari mmoja tu wa kalamu.

Ndiyo maana nasema muundo wenyewe haukukosewa. Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, imeziweka serikali za mitaa na ikasema wazi kwamba ni za kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ikazipa mamlaka za miji mwili wake. Jiji letu lina kata 41 na mitaa 222. Mipango huanzia mtaani, hupita kwenye kata, huchambuliwa na wataalamu wa halmashauri, huingia kwenye kamati za kudumu, hasa ile ya Fedha na Uongozi ambayo Meya ndiye mwenyekiti wake, hufika Baraza, kisha TAMISEMI na Bunge, ili Julai mosi mwaka mpya wa fedha uanze. Nimeipanda ngazi hiyo kwa karatasi kwa miaka mingi na naiheshimu. Kwa uzoefu wangu, kilichopungua ni ngazi ya kushukia.

Anayebeba mzigo wa upungufu huo ni mwenyekiti wa mtaa. Hawa tuliwachagua Novemba 27, 2024. Hawana mshahara, wana posho tu inayotegemea mapato ya ndani ya halmashauri, na wengine ofisi yao ni sebule ya nyumbani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili, ya 2022 ikahesabu 765,179. Ukigawa kwa mitaa 222, kila mwenyekiti ana wastani wa watu zaidi ya 3,400, na wote wana namba yake ya simu. Bomba likipasuka usiku anapigiwa yeye, wakati maji ni ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Nguzo ikilala anapigiwa yeye, na umeme ni wa TANESCO. Barabara ikikatika ni yeye, taka zikilundikana ni yeye. Katika hayo yote, taka pekee ndizo za halmashauri ambayo yeye ni sehemu yake. Hizo taasisi nyingine haziwajibiki kwa Baraza la Madiwani. Mwenyekiti anachoweza ni kuwaomba, naye diwani vilevile ni kuwaomba.

Sitaki kusema barabara zirudi halmashauri. Nimeona mabaya ya zamani, na wahandisi waliokusanywa pamoja wana faida yake. Ninachoomba ni kwamba TARURA na DUWASA wamtaje kwa kila kata mtumishi mmoja ambaye lazima aketi katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kila inapokutana, asome yale yaliyoulizwa robo iliyopita na kusema yamefikia wapi. Hata akisema "bajeti haikutosha, labda mwaka ujao", hilo ni jibu. Mwananchi wa Dodoma ni mvumilivu, amezoea kungoja mvua. Asichoweza kuvumilia ni kunyamaziwa.

Kwa upande wa halmashauri, naomba kabla mitaa haijaulizwa vipaumbele vipya, yabandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa majibu ya vipaumbele vya mwaka uliopita. Ukurasa mmoja unatosha: kilichoombwa, kilichokubaliwa, kilichokataliwa na kwa nini, kilichopelekwa kwingine na ni wapi. Najua watendaji watanung'unika kwamba kazi ni nyingi. Nimekuwa mmoja wao, najua taarifa wanazodaiwa kila Ijumaa. Lakini watu wa mtaani wanaacha kuja mikutanoni kwa sababu waliomba mara tatu hawakujibiwa, na mkutano usio na watu mtendaji ataandika muhtasari wake na nani? Mimi nimewahi kukaa chini ya mwarobaini na watu kumi na wanne, katika mtaa wa maelfu, tukisoma mapato na matumizi. Mmoja wao, mzee mwenzangu, aliniambia amekuja kwa ajili ya kunionea huruma.

Yule kijana jirani yangu aliuliza kama vikao vya Baraza la Madiwani ni vya siri. Nilimwambia mikutano ya kawaida hufanyika kila miezi mitatu na mwananchi anaruhusiwa kuingia akakaa akasikiliza. Alishangaa kweli. Nikamwambia aanze na mkutano wa mtaa wetu, maana huko ataruhusiwa na kusema. Jumamosi iliyopita alikuja, akakaa nyuma, akauliza swali moja la taa za barabarani. Mwenyekiti akaliandika.

Mtendaji wetu wa sasa ni binti mwenye bidii. Nimempa ile kaunta buku yangu, bado ina kurasa nyingi tupu upande wa kulia, na swali la taa ameshaliandika kushoto pamoja na tarehe.

Wako,
Mtendaji wa kata mstaafu,
Dodoma