Barua ya malalamiko: taa za rivasi za MGB GT zilizozibwa gerejini

Rau, Moshi
9 Septemba 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Bodi na Rangi,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KUONDOLEWA KWA TAA ZA RIVASI ZA GARI LANGU AINA YA MGB GT, 1968

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na haki ya fundi wenu wa rangi. Kazi yake ni nzuri, ile kijani imekaa sawasawa, na sitaki barua hii isomwe kana kwamba kuna mzee Moshi anatafuta kupunguziwa bei. Lalamiko langu ni hili: mlipokea gari dogo la zamani la Kiingereza lenye taa mbili za rivasi, zile nyeupe za nyuma zinazowaka gari likirudi nyuma, mkanirudishia gari lisilo na hata moja. Pale zilipokuwa, kulia na kushoto kwa pleti namba, mmechomelea bati, mkapiga puti, mkasugua mpaka pakalingana na paneli, kisha mkapaka rangi juu yake. Ukipitisha kiganja huhisi chochote. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa na muda wa kutosha kuuliza, na hakuuliza.

Kilichonifanya nijue si macho, ni mshale wa mafuta. Nilijaza tangi Usa River, nikarudi nyuma kidogo kuipisha basi dogo la Coaster lililoziba njia ya kutokea, nikaingia barabarani. Kabla sijafika Kikatiti mshale ukaanza kushuka taratibu hadi ukalala kwenye sifuri, na tangi limetoka kujazwa. Nikawasha indiketa, kimya. Wipa, kimya. Nikasimama pembeni, nikamwita kijana wa bodaboda asimame nyuma ya gari nami nikakanyaga breki. Akaniambia, "Mzee, hapa hakuna kitu." Basi kutoka hapo hadi Rau nimeendesha bila taa za breki wala indiketa, mkono nje ya dirisha, kwenye barabara ileile ya mabasi ya Dar es Salaam ambayo nyote mnaijua. Mtu aliyelipa shilingi milioni sita na laki nane hakupaswa kurudi nyumbani hivyo.

Fundi wangu wa umeme wa hapa Moshi alikuta fyuzi imeungua. Akaweka nyingine, kila kitu kikarudi. Nikaingiza rivasi, ikaungua tena papo hapo. Hapo hakuhitaji kutafuta sana. Alifunua kapeti la buti, akavuta kifungu cha nyaya nyuma ya paneli, na kwenye ncha zake tukakuta nyaya mbili za kijani zenye mstari wa kahawia zimekatwa kwa koleo na kuzungushiwa selotepu ya karatasi, ile ile ambayo watu wa rangi hubandika kwenye vioo ili visichafuke. Si tepu ya umeme. Ncha moja ilikuwa imeshajivua, shaba iko wazi, inagusa bati.

Pengine fundi wenu hajui magari haya, kwa hiyo nieleze. Kwenye nyaya za Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya magari haya, kijani tupu ni umeme unaopita kwenye fyuzi baada ya kuwasha ufunguo. Waya huo ndio unaolisha taa za breki, indiketa, wipa na geji ya mafuta, na ndio huohuo unaoingia kwenye swichi ya rivasi juu ya giaboksi. Ukishaingiza rivasi, umeme unatoka kwenye swichi kwa waya wa kijani wenye mstari wa kahawia kwenda kwenye taa mbili za nyuma. Kwa hiyo waya mlioukata unalala usingizi muda wote gari linapokwenda mbele. Nikirudi nyuma tu unaamka, unagusa bodi, fyuzi inakwenda, na taa za breki zinakwenda nayo. Mmeniachia mtego unaofyatuka kila ninapotoka kwenye maegesho.

Sasa nije kwenye majibu yenu ya WhatsApp, ambayo nimeyahifadhi yote.

Kwanza mliniambia MGB "hazikuwahi kuwa na taa za rivasi", mkanitumia picha ya gari jeupe kutoka mtandaoni kama ushahidi. Picha nimeiangalia vizuri. Gari lile ni la toleo la kwanza. Ni kweli kwamba MGB zilizoanza kutoka kiwanda cha Abingdon, Uingereza, mwaka 1962 hazikuwa na taa hizo kama kitu cha kawaida. Lakini mwishoni mwa 1967 lilianza toleo la pili, na mabadiliko yake yanajulikana: giaboksi ikawa na sinkro (kifaa kinachofanya gia ziingie bila kukwaruzana) kwenye gia zote nne za mbele, dainamo ya kuchaji betri ikaondoka ikaja alteneta, hasi ya betri ndiyo ikafungwa kwenye bodi badala ya chanya, na magari yake yakawa na taa za rivasi. Fungueni boneti ya gari lolote la namna hii msome kibao cha chesisi. Langu linaanza na GHD4. GT ya toleo la kwanza huanza na GHD3. Nambari hiyo mliiandika wenyewe kwenye risiti yenu ya EFD, kwa hiyo haikuwa mbali na macho yenu. Halafu, ndugu yangu, kama gari halikuwahi kuwa na taa hizo, yale matundu mliyoyaziba yalikuwa ya nini?

Nilipouliza hilo, jibu likabadilika. Likawa kwamba taa zilikuwepo ila "hazikuwa za kampuni", mtu alizipachika baadaye, na mlizitoa ili gari lirudi kwenye hali yake ya asili. Hapa nawaomba mtoe fomu yenu ya kupokelea gari. Nakala yangu ninayo. Kijana wenu wa mapokezi alizunguka nami gari zima, akaandika kwa mwandiko wake: taa za mbele sawa, breki sawa, indiketa sawa, rivasi sawa, na mbele ya kila neno akatia tiki. Chini yake ipo orodha ya kazi tulizokubaliana: kuondoa kutu kwenye vizingiti vya milango, kunyoosha bawa (madigadi) la kushoto la mbele, kupaka rangi gari zima. Kuziba taa hakumo. Hata kama taa zingekuwa nilizipachika mimi mwenyewe kwa waya wa kufungia mbuzi, zingekuwa mali yangu, na mali ya mteja haitolewi bila kumuuliza.

Tatu, mlidai kwamba mkizirudisha "zitazidisha mzigo na kuunguza nyaya". Balbu zake ni wati 21 kila moja. Mbili ni wati 42, ambazo kwa volti 12 ni ampea tatu na nusu. Nyaya zilizobeba mzigo huo tangu 1968 hazijaungua. Kilichounguza fyuzi ni koleo lenu.

Halafu ikaja ile mliyoiita suluhisho: kunifungia bure taa moja ya LED chini ya bampa, kwa boliti mbili, iwashwe kwa swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi. Nimeikataa na bado naikataa. Taa ile ingekaa pale kama ya trekta. Lakini sura ni jambo dogo. Swichi ya mkono haijui gari liko kwenye gia gani. Ukiisahau imewaka, unakwenda mbele huku nyuma unamulika watu kwa mwanga mweupe, na aliye nyuma yako usiku anadhani unamrudia. Trafiki akinisimamisha kwa hilo nitamjibu nini? Swichi ya giaboksi ipo, ni nzima, na fundi wangu ameipima: alipozifunga zile ncha vizuri na kuweka testa, rivasi ikiingia testa inawaka, ikitoka inazima. Mfumo wote wa kiwandani unafanya kazi hadi kwenye ukuta wa paneli. Kinachokosekana ni matundu na taa, na vyote viwili viliondokea mikononi mwenu.

Niseme pia kwa nini jambo hili si la urembo kwangu. Njia ya kuingia nyumbani ni nyembamba, upande mmoja mfereji wa maji, upande mwingine ua wa michongoma wa jirani, na hakuna mahali pa kugeuzia. Ama uingie kinyumenyume au utoke kinyumenyume. Watoto wa mtaa ule hucheza mpaka giza linaingia, na umeme ukikatika hakuna taa hata moja njia nzima.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie taa zangu zote mbili, zile za mstatili zenye jina la Lucas kwenye vioo vyake. Kijana wenu mmoja alinidokeza kwamba ziliwekwa kwenye ndoo stoo, na sitamtaja, maana ndiye pekee aliyenijibu kwa ustaarabu. Kama zimepotea au zimevunjika, mziagize kwa gharama yenu. MGB za aina zote zilitengenezwa hadi 1980, kwa jumla zaidi ya laki tano, na spea zake bado zinauzwa Uingereza hadi leo, kwa hiyo msiniambie hazipatikani. Matundu yakatwe upya kwa vipimo vya asili, kingo zipakwe dawa ya kutu kabla ya rangi, na paneli yote ya nyuma ipakwe rangi upya, si viraka viwili kuzunguka taa. Nyaya ziunganishwe kwa viunganishi vya kuchomeka vyenye mpira kama zilivyokuwa, na selotepu ibaki kwa watu wa rangi. Gari mlifuate Moshi kwa lori la kubebea magari na mlirudishe hivyohivyo. Mimi siliendeshi tena hadi Arusha kwa ajili ya kosa lisilo langu. Malipo ya fundi wangu wa umeme, ambayo risiti yake naiambatanisha pamoja na nakala ya fomu yenu na picha za nyaya kabla hazijaguswa, yarudishwe.

Nasubiri jibu la maandishi, lenye sahihi na muhuri, kabla ya Ijumaa tarehe 26 Septemba. Simu sitapokea, kwa sababu kila nilipopigiwa niliambiwa jambo tofauti. Baada ya tarehe hiyo nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji, na wakati huohuo nitafungua madai mahakamani hapa Moshi.

Paneli ya nyuma isiguswe na fundi yeyote kabla sijamwona na kuzungumza naye uso kwa uso.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, mwenye MGB GT ya kijani