Kutafuna kwa Kiingereza

Bukavu

Yaya mpendwa,

Barua yako imenifikia. Swali lako, namna ya kutamka na kutumia kitenzi "chew" (kutafuna), limenichekesha, maana sisi tuliosomea Kifaransa tunacho mdomoni tangu utotoni: neno chewing-gum Kifaransa kililitoa kwenye Kiingereza. Shida ni ile "sh" yetu. Ukiitumia hapo, msikilizaji atasikia "shoe", yaani kiatu. Anza na "ch" ya chai: "chu", basi. Jizoeze na sentensi hii hadi ulimi uchoke: "The dog chewed my shoe." Na hiyo "chewed" ni silabi moja, inaishia kama "food". Usiniletee "chu-wedi"!

Sarufi yake haina makuu: "I chew, she chews, they chewed." Kinachotafunwa kinafuata papo hapo, bila kiungo: "We chewed sugar cane all the way from Kadutu." Gum haihesabiwi, kwa hiyo ni "He is chewing gum", ukitaka moja, sema "a piece of gum". Ukikuta "on", kama "The dog is chewing on a bone", hapo mtu au mnyama anatafunatafuna tu, hana haraka ya kumeza. Ndiyo maana mteja uliyemtajia bei akijibu "Let me chew on it", usinune. Hajakataa, anakwenda kufikiri.

Bugali hatuutafuni, hata kwa Kiingereza: "I ate", inatosha. Kwa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, "chew" inafaa, maana wanatafunwa na miiba yao.

Jihadhari na pesa. Huku kwetu mkubwa akitafuna pesa za watu kila mtu anaelewa, lakini ukisema "He chewed the money", Mwingereza ataona noti kati ya meno. Sema "He stole the money", yaani aliiba, na mimi naona ndivyo ingefaa tuseme hata sisi. Kisha Mmarekani akilalamika "My boss chewed me out", hajaumwa, amekaripiwa vikali.

Na wewe uliyekubali kuwa mkalimani wa wageni huko Goma kabla hata ya kuuliza wanazungumza Kiingereza cha wapi, yako ni hii: "I bit off more than I could chew." Tonge limezidi mdomo, yaya! Niandikie sentensi zako kabla hawajafika, nizisahihishe. Wasalimie mama na watoto.

Mdogo wako