Kipimo cha akili kisitangulie masikio na macho

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu upimaji wa watoto wanaodhaniwa kuwa na mahitaji maalumu ya kielimu. Linalotusukuma kuandika ni ripoti zinazomtangaza mtoto kuwa na ulemavu wa akili ilhali hakuna mahali zinapoonyesha kwamba masikio na macho yake yalipimwa kwanza.

Vipimo vingi vya akili hutoa maelekezo kwa mdomo na maswali kwa picha. Mtoto asiyezisikia vizuri sauti nyembamba kama s na f hupoteza maneno mengi, hujibu swali ambalo hakuulizwa, na alama zake hushuka bila akili yake kuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo kusikia kupimwe mwanzo, kwa odiometa, yaani mashine ya kupimia usikivu, kila sikio peke yake, katika hezi (kipimo cha unene na wembamba wa sauti) 500, 1,000, 2,000 na 4,000. Asiyeitikia kwenye desibeli 25 (kipimo cha nguvu ya sauti) apelekwe kwa mtaalamu wa masikio. Kupiga makofi nyuma ya kisogo hakutoshi hata kidogo: mtoto huhisi hewa ikitikisika, huona kivuli, na mlio wa makofi una sauti nene na nyembamba kwa pamoja, hivyo hata aliyepoteza sauti nyembamba zote atageuka. Mwenye ute nyuma ya kiwambo cha sikio ndiye anayeonewa zaidi. Wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii, na darasani anaitwa mkaidi. Huyo apimwe tena baada ya miezi mitatu, na uamuzi wa kudumu usubiri hadi hapo.

Macho nayo yapimwe moja moja kwa chati iliyo umbali ambao imetengenezewa, mara nyingi mita 6. Asiyejua kusoma atumie chati ya herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, aonyeshe kwa vidole inakoelekea. Uoni wa karibu ndio husahauliwa. Kuna mtoto anayefaulu chati ya mbali lakini maandishi ya kitabu, sentimita 40 kutoka usoni, yanamchosha baada ya mistari mitatu. Ofisi inayopokea ripoti isiyo na tarehe na majibu ya vipimo hivi viwili iirudishe ilikotoka.

Mazungumzo na mzazi yanahitaji saa nzima, wala si fomu ya kujaza akiwa amesimama mlangoni. Aulizwe juu ya ujauzito, kama mtoto alilia alipozaliwa, macho na ngozi kuwa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, degedege, lini aliketi, alitembea na kutamka neno la kwanza. Swali zito kuliko yote: je, kuna kitu alikuwa anakiweza na sasa hakiwezi tena? Kupoteza stadi ni sababu ya kwenda hospitali haraka. Hali kadhalika mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde kumi hivi, macho yametumbua, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Huenda ni kifafa, nacho kina dawa.

Mwalimu alete madaftari, mahudhurio, na maelezo ya msaada aliokwisha kuujaribu na kwa muda gani. Mtoto ambaye hakufundishwa kusoma hawezi kuandikiwa ugumu wa kusoma. Tunapopima kusoma, tunamwekea sauti za herufi, silabi, kisha maneno yasiyo na maana kama "mufe" na "gipo", ili asikisie kwa kumbukumbu. Baadaye asomewe hadithi na aulizwe maswali. Akielewa anaposomewa lakini akashindwa anaposoma mwenyewe, tatizo limo katika kuyafumbua maandishi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye ugumu huo anaweza asikosee maneno mengi. Kinachomfichua ni mwendo wa kobe. Apimwe kwa saa, si kwa makosa tu.

Ndipo kije kipimo cha akili, asubuhi, katika chumba kimya, kwa vipindi vya dakika 40 hivi, mtoto akiwa amevaa miwani yake kama anayo. Wastani ni 100, na 70 ni mstari unaotajwa sana kuwa mpaka wa ulemavu wa akili. Lakini kila alama ina kosa lake: 68 inaweza kumaanisha chochote kati ya 63 na 73. Ndiyo maana ulemavu wa akili hauandikwi kwa namba pekee. Lazima pia ionekane kwamba anashindwa mambo ya kila siku ya umri wake, kama kuvaa, kupeleka ujumbe, kutambua fedha na kujikinga na hatari. Kutafsiri maswali papo hapo hukiharibu kipimo. Mfululizo wa tarakimu wa kukumbukwa huwa mgumu zaidi pale majina ya tarakimu yanapokuwa marefu, na viwango vya alama vilivyokokotolewa kwa lugha nyingine havimhusu tena mtoto huyo. Mwenye lugha mbili apimwe kwa zote mbili, maana kasoro halisi ya lugha huonekana kotekote. Kipimo kilekile kisirudiwe kabla ya mwaka kupita, kwani majibu hukumbukwa.

Wafaransa Binet na Simon walipotunga kipimo chao cha akili huko Paris mwaka 1905, lengo lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna nyingine. Basi ripoti itaje namna hiyo: aketi mita ngapi kutoka kwa mwalimu na kwa upande wa sikio lipi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, dakika ngapi za sauti za herufi kila siku, nani atazisimamia, na tarehe ya kupima maendeleo, isiyozidi mwaka mmoja. Mzazi asomewe yote kwa lugha anayoielewa, apewe nakala, na asishinikizwe kutia saini siku hiyohiyo kama bado ana swali.

Walimu wa elimu maalumu na wapimaji