Nchi kavu kwanza, meli baadaye

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa safari mliandika kwamba mzee anayealikwa na watoto wake kwenda Alaska kwa meli anunue kila kitu mahali pamoja: meli, hoteli, treni na basi, ajansi moja, risiti moja, asijisumbue. Makala hiyo nilimsomea mama ya watoto kwa sauti jikoni, naye akaniambia niwaandikie badala ya kugombana na sufuria zake. Basi ninaandika. Sikubaliani nanyi, hasa pale mnaposema kwamba kujipangia siku za nchi kavu kabla ya meli ni kazi ya vijana wenye intaneti. Intaneti tunayo hata hapa Kamalondo, Lubumbashi, umeme ukiwapo.

Nilifanya kazi ya reli mpaka nikawa shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni ya treni, na mtu wa gare haondoki mahali kabla hajasoma ratiba. Mtoto wetu wa kwanza, ambaye ni muuguzi Texas, atatulipia meli ya siku saba kutoka Alaska mpaka Vancouver, Kanada. Meli ni yake. Siku za nchi kavu kabla ya meli ameniachia mimi. Ajansi moja ya hapa mjini ilinipa karatasi yenye picha nzuri za dubu na bei chini yake, lakini hakuna saa hata moja ya kuondoka wala ya kufika. Niliirudisha palepale mezani.

Jambo la kwanza ambalo makala yenu haikusema ni bandari. Matangazo mengi ya meli yameandika "Anchorage", na msomaji atadhani meli inafunga gati mjini Anchorage. Kwa kawaida haifungi huko. Inafunga Seward, kilomita 204 kusini, au Whittier, kama kilomita 95. Na Whittier ina mambo yake: barabara inapita ndani ya mlima, kwenye handaki la kilomita 4 lenye njia moja tu, magari na treni wakipokezana. Kila upande hufunguliwa kwa zamu, na usiku handaki linafungwa. Mtu wa reli haelezwi mara mbili maana ya njia moja yenye zamu. Asiyejua atalala Anchorage usiku wa kuamkia safari, aamke kwa raha, anywe chai, kisha akute foleni mbele ya mlima. Meli yetu ni ya Seward, na sikusikitika.

Ndiyo maana mpango wa safari hii unaandikwa kutoka chini kwenda juu. Andika siku ya meli chini kabisa ya karatasi. Juu yake andika usiku mmoja wa kulala Seward kwenyewe, na usimruhusu mtu yeyote aufute. Treni ya Anchorage kwenda Seward huondoka saa moja kasorobo asubuhi na kufika saa tano na kidogo, meli inaondoka jioni, kwa hiyo watakuambia muda unatosha. Unatosha siku ambayo hakuna kilichoharibika. Nimeketi gareni miaka mingi nikiwaangalia watu ambao muda wao ulitosha.

Kisha kuna swali la kwa nini nchi kavu itangulie, wakati wengine wanapenda kumalizia nayo. Kwa mtu wa Ulaya labda ni sawasawa. Kwa anayetoka Luano, uwanja wetu wa ndege, si sawasawa hata kidogo. Sisi tunapita Addis Ababa, tunavuka bahari, tunabadilisha ndege Marekani penyewe mara moja au mbili. Valizi ikibaki njiani, na inabaki, itakukuta hotelini Fairbanks, mji wa ndani kabisa ya Alaska, kesho yake. Meli ikishang'oa nanga, itakukuta wapi? Halafu mwili. Majira ya kiangazi cha huko saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa kumi. Kukiwa saa mbili asubuhi Lubumbashi, kwao ni saa nne ya usiku wa jana, na mwezi wa sita hata huo usiku hauonekani: Fairbanks jua linakaa angani karibu saa 22. Mama ya watoto ameuliza sala ya jioni itasaliwa saa ngapi. Sikuwa na jibu. Lakini afadhali macho yazoee hayo yote nchi kavu, mahali ambapo ukisinzia hakuna kilichokupita, kuliko kulipia meli ili ulale wakati wenzako wanatazama barafu ikianguka baharini.

Mpango wangu basi unaanzia Fairbanks na kushuka na reli. Treni ya Fairbanks mpaka Anchorage inatembea kila siku kutoka katikati ya Mei mpaka katikati ya Septemba, kilomita zipatazo 570, saa 12. Umbali huo si mbali sana na wa kutoka hapa mpaka Kamina kwa reli. Sitasema huku unachukua muda gani, kwa sababu wenzangu wa kazi wanalisoma gazeti hili.

Na hapa kuna jambo ambalo ajansi haitakuambia. Makampuni makubwa ya meli yana mabehewa yao ya vioo katika njia hiyo, na abiria wa kifurushi, yaani walionunua meli na nchi kavu pamoja, hupandishwa humo. Mabehewa hayo yanafungwa nyuma ya treni ileile ya kila mtu. Kichwa cha treni ni kimoja, reli ni moja, mto na mlima dirishani ni uleule. Tofauti ni kwamba wa kifurushi anashuka pale alipoandikiwa, analala katika hoteli ya kampuni, na anaondoka siku aliyopangiwa hata kama mlima Denali, ambao watu wanaenda kuuona, umejificha. Aliyekata tiketi yake kwenye kampuni ya reli anaweza kuipanga siku yake apendavyo, mradi aikate mapema, maana msimu wao ni mfupi na vyumba vinajaa.

Kuhusu mlima wenyewe sitasema mengi. Denali una mita 6,190, ndio mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini, na kama theluthi tu ya wanaoifikia mbuga yake ndio wanauona, wengine wanaona mawingu. Kwa hiyo mtu alale pale usiku zaidi ya mmoja. Gari la mtu binafsi haliruhusiwi kupita kilomita 24 za kwanza za barabara ya mbugani, mbele ya hapo ni mabasi, na nafasi ya basi hukatwa kabla. Barabara nzima ni kilomita 148, lakini tangu Agosti 2021 imekatika karibu katikati: barafu iliyo ndani ya udongo inayeyuka na kilima kinatelemka pamoja na njia. Wanajenga daraja. Anayekata tiketi aulize kwanza basi linageuzia wapi. Mbu ni wengi sana kule mwezi wa sita, ila hawana malaria, jambo ambalo mama ya watoto hajakubali kuliamini.

Kaskazini ya Talkeetna, kituo cha njia hiyohiyo ya reli, kuna treni ndogo ambayo bado inasimama popote mtu anapoipungia mkono kando ya reli. Watu wanaoishi msituni bila barabara wanapanda nayo na mifuko yao ya vyakula na mbwa wao. Shefu wa gare mstaafu anaweza kweli kufika Alaska na kuikosa hiyo? Nimeiwekea nafasi yake.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika tangu mwanzo. Katika kutafuta njia nilikuta jina la Kennecott, na tangu siku hiyo nimewachosha watu wa nyumbani. Kennecott ni mji wa shaba uliokufa, mashariki ya Anchorage, ndani ya mbuga ya Wrangell-St. Elias, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Marekani. Shaba yake ilianza kushuka kwa reli mwaka 1911. Bwana Mhariri, mwaka 1911 ndio mwaka shaba ya kwanza ilipomiminwa hapa kwetu mtoni Lubumbashi, na reli ya kutoka kusini ilikuwa imefika hapa mwaka uliotangulia. Kule walijenga kilomita 315 za reli kutoka bandari ya Cordova, wakapita kati ya mito miwili ya barafu, kwa ajili ya mawe tu. Waliotoa pesa ni matajiri wa Marekani, akina Morgan na Guggenheim. Na Daniel Guggenheim huyo alikuwa mmoja wa Wamarekani waliotia pesa katika Forminière, iliyoundwa mwaka 1906, ile kampuni ya almasi za Kasaï. Hapa Lubumbashi wako watu wengi ambao babu zao walihesabiwa katika vitabu vya Forminière kabla ya kushuka Katanga. Mimi ni mjukuu wa mmoja wao.

Mawe mazuri yalipokwisha, mwaka 1938, kampuni ilifunga, na treni ya mwisho ikawashusha watu. Nyumba zikabaki, mashini zikabaki, kinu chekundu cha ghorofa 14 kikabaki kimeegemea mlima. Leo serikali yao inakitunza, na unaweza kuingia ndani na kiongozi. Nasi hapa Lubumbashi tuna bomba letu refu la moshi la kiwanda cha shaba na mlima mweusi wa taka kando yake, ambao umekuwa ukichimbuliwa upya kwa ajili ya kobalti. Sijui nani kati yetu na wao alifanya vizuri, kwa sababu kule Kennecott hakuna mtoto anayezaliwa tena. Ila nataka nisimame mbele ya kinu kile nikiangalie kwa macho ya mtoto wa mji wa shaba. Meli haipiti karibu na hapo. Kifurushi mlichokisifu hakina jina hilo popote.

Kufika kuna kazi yake. Kutoka Anchorage ni kama kilomita 500 za barabara, na zile 96 za mwisho, Chitina mpaka McCarthy, ni changarawe. Njia hiyo imetandikwa juu ya reli ya zamani iliyong'olewa, na mpaka leo misumari ya reli inachomoza na kutoboa matairi. (Nilipomsomea hilo rafiki yangu wa karakana, alicheka mpaka akakohoa.) Kuna daraja la chuma la mwaka 1910 juu ya mto Kuskulana, mita 72 kwenda chini. Wakodishaji wengi wa magari wanakataza magari yao kwenye changarawe, kwa hiyo anayekodi asome mkataba kabla ya kutia sahihi. Mimi nitapanda basi dogo linaloingia huko kutoka Glennallen, kwa kuwa sina haja ya kuonyesha ushujaa wa uendeshaji katika umri huu. Barabara inaishia mtoni, unavuka kwa miguu kwenye daraja dogo, na upande wa pili kuna gari la kukupeleka mpaka mgodini. Anayetaka Kennecott alale pale au McCarthy. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Anchorage ni kujitesa. Na baada ya kutoka huko usiunganishe siku ileile na treni ya Seward; pumzika Anchorage kwanza.

Kwa wasomaji wenye paspoti ya Kongo kuna jambo zito kuliko dubu na misumari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli ya bendera ya kigeni kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha bandari nyingine ya nchi hiyohiyo moja kwa moja. Meli hizi kubwa karibu zote zina bendera za nje. Ndiyo sababu safari ya upande mmoja inaishia Vancouver. Hata ile inayoanza Seattle na kurudi Seattle lazima iguse Kanada, mara nyingi Victoria, na hapo tena unaingia Marekani upya, kwa hiyo uangalie kama viza yako ni ya kuingia mara moja au zaidi. Kwetu sisi, Kanada ni viza nyingine, peke yake, hata kama unashuka melini asubuhi na kupanda ndege jioni. Watoto walioko Marekani wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi huko, hawaijui shida hiyo, kwa sababu wao Kanada inawapokea kwa kadi na paspoti tu, na wanasahau kuwaambia wazazi. Viza ya Marekani inaombwa Kinshasa, na tiketi ya kwenda Kinshasa kila mtu hapa anajua bei yake. Ukurasa mzima mliujaza hoteli na chakula cha melini, na viza ya Kanada hamkuitaja hata kwa mstari mmoja.

Ninaomba msahihishe hilo. Na kama yuko msomaji, wa hapa au wa Likasi au Kolwezi, aliyeomba viza ya Kanada kwa sababu ya kushuka melini Vancouver, aandike katika ukurasa huu: aliomba kabla ya viza ya Marekani au baada yake, na waliridhika na tiketi ya meli au walitaka karatasi nyingine? Mtoto wetu anangoja jibu hilo kabla ya kulipa.

Shefu wa gare mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi