Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: tuyaogope maji yakishakuwa meupe

Mheshimiwa,

Salaam kutoka mwaloni, upande wa Ilemela. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yangu hasa ni agoni, yaani kuchomelea kwa umeme ndani ya gesi ya agoni: mabomba ya stenlesi, matangi, meza za kukatia minofu kwenye viwanda vya sangara. Nakuandikia kuhusu sumu inayobaki kwenye maji ya ziwa utando wa kijani ukishatoweka, ila utanivumilia nikianzia kwenye chuma, maana ninachokuja kukuomba nilijifunzia huko.

Agoni hutumia sindano ya tangsteni, kijiti cha milimita 2.4 ambacho nakinoa kwa grenda mpaka kitoe ncha. Moto wa umeme unatokea kwenye ncha hiyo, stenlesi inayeyuka, sindano inabaki. Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Hakuna metali nyingine inayofika huko. Lakini mkono ukitetereka, ncha ikagusa chuma kilichoyeyuka, kinamegeka kipande kidogo kuliko punje ya mchanga na kuzama ndani ya mshono. Kwa macho mshono unang'aa vizuri tu. Upige picha ya X-ray, utaona nukta nyeupe. Hapo hakuna anayeuliza habari za sindano, sindano itanolewa tena. Kilichoharibika ni bomba.

Kwa sababu ya sindano hiyo nilianza kufuatilia habari za ITER, mtambo mkubwa unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, wa kuunganisha viini vya atomi kama jua linavyofanya. (Mke wangu anasema wazee wenzangu wanafuatilia mpira, mimi nafuatilia kuta.) Mwaka 2023 wahandisi wake walitangaza kwamba ukuta wa ndani, uliokuwa uwe wa beriliamu, wanataka uwe wa tangsteni. Ndani ya mtambo huo gesi ya haidrojeni nzito inatakiwa ifike nyuzi milioni 150. Sumaku huizuia isiguse ukuta. Lakini viini vikiungana hutoa heliamu na chembe ziitwazo nyutroni. Nyutroni hazina chaji, sumaku haiziwezi, kwa hiyo zinatoka moja kwa moja na kuzisukuma atomi za tangsteni nje ya nafasi zao. Nyingi hurudi papo hapo, kama abiria wa daladala aliyerushwa na breki akakaa tena kitini. Zisizorudi zinaacha mapengo, na heliamu huingia humo ikajikusanya kuwa viputo. Joto likizidi nyuzi 700 hivi, heliamu inaweza kuufanya uso wa tangsteni uote kitu kama manyoya membamba mno, meusi kama masizi ya karabai.

Ukuta bado umesimama, haujayeyuka. Shida ni kile unachokitema. Chembe ya tangsteni ikidondoka ndani ya ile gesi inaipoza, kwa sababu atomi yake ni nzito na hutawanya nishati kwa njia ya mionzi. Atomi chache tu katika kila laki moja zinatosha kuudhoofisha moto wote. Ndiyo maana Februari 2025, mtambo wa WEST, ulio huko huko Cadarache, uliposhikilia gesi hiyo kwa sekunde 1,337 ndani ya kuta za tangsteni, nilishangilia peke yangu sebuleni. Kumbe inawezekana ukuta ukaelemewa na usiteme sana.

Sasa njoo ziwani, Mheshimiwa, maana huko nako hatari ni kile kinachotemwa.

Ule utando wa kijani unaokuja kwenye ghuba yetu si majani. Ni bakteria wanaojipikia chakula kwa jua, sianobakteria, na mmoja wao maarufu hapa ni Microcystis. Ana vifuko vya gesi vinavyompandisha juu ziwa likiwa shwari, ndiyo maana ukienda alfajiri unaweza kukuta maji yamekuwa kama supu ya mlenda. Jua linalowalisha bakteria hawa ndilo linalowavunja. Mwanga ukiwa mkali, protini moja kwenye mtambo wao wa usanisinuru huharibika mfululizo, nao wanaing'oa na kuweka nyingine, kutwa nzima, bila mapumziko. Wengi wana rangi ya machungwa inayogeuza mwanga wa ziada kuwa joto. Wapo hata wanaokula rangi zao wenyewe wakikosa naitrojeni, wakawa manjano ukadhani wamekufa; aina moja inayofugwa maabara, Synechocystis, ukiirudishia naitrojeni inasimama tena ndani ya saa 48 hivi. Ni wagumu hawa. Nawaheshimu kama ninavyoiheshimu sindano yangu.

Lakini nao hufika mahali wakazidiwa. Upepo ukiusukuma utando ufukweni ukakauka kwenye jua la saa saba, unageuka bluu, bluu ya kupendeza kabisa, utafikiri mtu kamwaga rangi ya nyumba juu ya mawe. Rangi ile ilikuwa ndani ya seli. Ukiiona nje, seli zimepasuka, na kama rangi imetoka basi na sumu imetoka.

Sumu yenyewe inaitwa maikrosistini na inashambulia ini. Bakteria akiwa mzima, sehemu kubwa ya sumu iko tumboni mwake, kwa hiyo mtambo wa maji unaomchuja akiwa mzima unamtoa pamoja na mzigo wake. Akishapasuka, sumu imeyeyuka majini na chujio la mchanga la kawaida haliikamati vizuri. Inahitaji mkaa maalumu au dawa iliyopimwa sawasawa. Wakati huo huo utando unatoweka. Maji yanakuwa meupe. Akina mama wanarudi na ndoo, na watoto wanarudi kuogelea.

Mwaka jana niliiona bluu hiyo hatua chache tu kutoka tunapochotea. Nikaenda ofisi moja kutoa taarifa. Nilipokelewa na kijana mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mzee, subirini yawe meupe, halafu mchemshe." Simlaumu. Kwa kipindupindu kuchemsha ndiyo kinga, na hivyo ndivyo sote tulivyofundishwa. Kwa sumu hii kuchemsha hakusaidii: moto hauiui, unazipasua seli zilizobaki, na maji yakipungua kwenye sufuria sumu inabaki imekolea. Vidonge vya klorini ukivitia kwenye maji yenye bakteria wazima navyo huwapasua; inabidi wachujwe kwanza, klorini ifuate. Mwezi Agosti 2014, mji wa Toledo huko Marekani, unaokunywa maji ya ziwa kama sisi, uliwatangazia watu zaidi ya 400,000 wasinywe maji ya bomba na wala wasiyachemshe. Na mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu walikufa kwa maji yenye sumu hii. Hilo la mwisho nakuomba uwafikishie wanaoendesha huduma ya figo hapa Kanda ya Ziwa, kama hawalijui tayari.

Ombi langu ni dogo. Maji ya mialo yapimwe maikrosistini, siyo kutazamwa rangi tu. Yapimwe utando ukiwepo, na zaidi wiki ile unapotoweka, kwa sababu wakati huo ndipo kila mtu anaona mambo yametulia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa siku zote, na viko vijiti vya kupimia vinavyosomeka kama kile cha malaria. Wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo hapa hapa Mwanza. BMU, vikundi vya kusimamia mialo, wana daftari na wana simu. Bei ya vijiti hivyo sitajifanya naijua, ila nadhani ni nafuu kuliko kuwapeleka wataalamu semina ya siku tatu (samahani, Mheshimiwa, limenitoka).

Matokeo yabandikwe mwaloni, namba tupu, hata kama ni sifuri. Hasa kama ni sifuri, maana mtu aliyezoea kuona sifuri ataishtukia tatu. Kama vipimo hivi vinafanyika tayari, basi namba zimeishia njiani. Mwaloni kwetu hatujaziona.

Ubao nimeshautengeneza. Bati la geji 16, miguu ya bomba la inchi mbili, nimepaka rangi nyeusi na kuusimamisha jirani na mzani wa dagaa. Una safu tatu: tarehe, mahali, sumu kwa lita. Safu mbili za kwanza naweza kuzijaza mwenyewe. Ya tatu kwa sasa watoto wanaandikia magoli.

Wako,
Fundi wa agoni, Ilemela