Majina, tarehe na bahasha: barua kwa Mama Baraka kabla ya safari ya Cali

Mama Baraka mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa Baraka. Hongereni kwa kupangiwa siku ya kukutana na mtoto mnayekwenda kumwasili Cali, Kolombia, na kurudi naye Marekani. Umeniuliza mkifika Kolombia mambo yanakwendaje na watu hukwama wapi. Nianze na kukwama, maana wengi hukwama penye jambo dogo: jina.

Kolombia mtu huwa na majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Kwenye cheti cha kuzaliwa kuna nafasi ya Primer apellido (ukoo wa kwanza) na nafasi ya Segundo apellido (ukoo wa pili), na karani hapendi kuacha hata moja tupu. Wewe tangu uapishwe uraia pasipoti yako inasoma Komba, kama ya shemeji. Msiposema neno, mtoto anaweza kuandikwa Komba Komba. Mnataka Komba Mushi, kwa ukoo wa kwenu? Amueni sasa, mkiwa bado nyumbani. Wakili akiandika maombi ya mahakama, yale yanayoitwa demanda, jina jipya la mtoto linakuwa humo. Hakimu hulinakili kwenye hukumu, ofisi ya vizazi hulitoa kwenye hukumu, pasipoti hufuata cheti, viza hufuata pasipoti, na cheti cha uraia wa Marekani hufuata viza. Herufi moja ikikosewa mwanzo, inasafiri mpaka mwisho. Hakimu anaweza kusahihisha hukumu yake, ila faili linarudi kwenye foleni na nyinyi mnaendelea kulipia chumba. Kwa hiyo mwambieni wakili awatumie demanda muisome kabla haijapelekwa.

Na tarehe. Sisi tuliosoma nyumbani huanza na siku, na Wakolombia vilevile. Fomu nyingi za Marekani zinaanza na mwezi. Mtoto aliyezaliwa tarehe 4 Julai huzaliwa upya tarehe 7 Aprili kwenye fomu hizo, na ubalozini karatasi mbili zikipishana tarehe, kazi inasimama.

Kabla ya kupanda ndege hakikisheni mnayo mawili mkononi: idhini ya awali ya I-800 (ombi lenu kwa uhamiaji wa Marekani kuhusu mtoto huyu), na nakala ya barua ya Kifungu cha 5 ambayo ubalozi wa Marekani huiandikia mamlaka ya Kolombia kwamba uasili unaweza kuendelea, chini ya Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Hapa msikubali kuambiwa "itakuja tu." Mtoto akiasiliwa kabla ya idhini na barua hiyo kutoka, I-800 inaweza kukataliwa, hata kama hukumu ya Kolombia ni safi kabisa. Tazameni pia tarehe ya mwisho kwenye idhini yenu ya I-800A (ile inayosema nyinyi mnafaa kuasili). Muda wake ni miezi 15, na ukikaribia kuisha ombeni nyongeza mkiwa Marekani. Alama za vidole hazipigwi kwa urahisi mkiwa Cali.

Mkutano wa kwanza utafanyika ofisi ya ICBF, taasisi ya ustawi wa familia, ambayo ndiyo mamlaka kuu ya kuasili kule. Baadaye mtakaa na mtoto siku kadhaa huku mwanasaikolojia na ofisa wa ustawi wakiwatazama, kisha wataandika ripoti kwamba mnaelewana. Ni karatasi fupi, lakini bila hiyo wakili hana cha kupeleka mahakamani. Jifunzeni Kihispania cha njaa, maumivu na choo: tengo hambre, me duele, baño. Mtoto wa miaka sita hatakungoja utafute kamusi.

Mahakama ya familia inafuata Sheria 1098 ya 2006. Mtetezi wa familia wa ICBF hupewa siku 3 za kazi kusoma maombi, na akiridhia, hakimu anatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 10 za kazi tangu maombi yapelekwe. Hiyo ni sheria ilivyoandikwa. Mezani kwa hakimu kuna mafaili mengine, kwa hiyo safari nzima ihesabuni wiki nne hadi sita. Msipange kabisa kuanzia Desemba 20 hadi Januari 10, mahakama zinakuwa likizo, na Wiki Takatifu nayo hivyohivyo. Angalau mmoja wenu lazima aarifiwe hukumu ana kwa ana. Halafu hukumu inangoja kukomaa, yaani muda wa kuipinga upite. Kabla ya hapo mtoto haruhusiwi kutoka nchini.

Shemeji anasema atarudi kazini mapema. Sawa, lakini kwa Kolombia huyo mtoto ni raia wao anayesafiri na mzazi mmoja. Uhamiaji wa pale El Dorado, uwanja wa ndege wa Bogotá, watataka ruhusa ya mzazi asiyekuwepo, iliyothibitishwa na mthibitishaji wao, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hukumu ikishakomaa na cheti kipya kikitoka ndipo ruhusa hiyo inaandikika vizuri. Akiondoka kabla, mtaitafutia njia kupitia ubalozi mdogo wa Kolombia ulioko Marekani, nawe utakuwa peke yako hotelini na mtoto anayemuulizia baba.

Cheti kipya kikitoka, msiondoke kaunta. Shika pasipoti zenu mbili na hukumu, soma jina herufi kwa herufi, tarehe, mji aliozaliwa, majina yenu. Karani ataona mnamchelewesha, mwache aone. Chukueni nakala nyingi zilizopigwa muhuri. Kisha pasipoti ya mtoto, kisha Bogotá, uliko ubalozi wa Marekani.

Bogotá iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Cali kuna joto, na mtoto wa huko huenda hana sweta. Chukulia baridi ya Njombe mwezi Julai. Siku ya kwanza msipange lolote, kichwa kitawauma.

Daktari wa kumpima mtoto kwa ajili ya viza ni yule aliyeteuliwa na ubalozi tu. Mtoto wa miaka 2 hadi 14 hupimwa damu ya kifua kikuu. Alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani, kama tulizonazo sisi, haidanganyi kipimo hiki kama kile cha zamani cha kuchomwa mkononi. Kikisema "chanya" msilie. Hupigwa eksirei ya kifua, na ikiwa safi na mtoto hana dalili, kwa kawaida anasafiri. Kazi iko pale eksirei inapoonyesha kitu: makohozi huchukuliwa siku tatu na kuoteshwa maabara hadi wiki nane. Ndiyo maana tiketi za kurudi ziwe za kubadilishika. Chanjo zisiwatishe, kwa mtoto wa miaka 10 au chini mnaweza kusaini kiapo, fomu DS-1981, kwamba atachanjwa ndani ya siku 30 baada ya kufika.

Ubalozini mtapeleka hukumu, cheti kipya, pasipoti, majibu ya daktari, picha na cheti cha Kifungu cha 23 kutoka ICBF, kinachosema uasili umefuata Mkataba wa Hague. Ada ya viza ni dola 325. Viza iandikwe IH-3, maana mtoto ameshaasiliwa kikamilifu kule. Kwa IH-3, akiingia Marekani nanyi kabla ya kutimiza miaka 18, anakuwa raia hapohapo, na cheti cha uraia hutumwa kwa posta bila kuomba. Kinakwenda kwenye anwani mliyojaza, kwa hiyo kama mnahama nyumba semeni mapema. Mkipewa bahasha iliyofungwa, haifunguliwi na mtu isipokuwa ofisa wa uhamiaji uwanjani. Mkibadili ndege Miami, acheni saa tatu au zaidi.

La mwisho ni bima ya afya ya kazini. Siku 30 za kumwandikisha mtoto zinaweza kuwa zimeanza siku ya hukumu kule Cali, au hata mapema zaidi, wala hazingoji mtue nyumbani. Shemeji aulize ofisi ya rasilimali watu wiki hii ni karatasi gani wataipokea, na kama tafsiri ya hukumu inatosha kabla namba ya Social Security haijatoka.

Demanda ikifika, nipigie picha ukurasa wa majina.

Wako,
Mama Salma