Mhariri, tuandikieni nani kafunga ngapi

Bwana Mhariri,

Asalaam aleikum, na Ramadhani karim kwako na wenzako hapo ofisini. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, gazeti lako nalisoma toka siku zile tukilisoma moja watu sita pale kwa muuza kahawa, wa mwisho akipata limelowa tangawizi, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ukurasa wako wa michezo, manake mechi za basketiboli za hapa kwetu hautuambii nani kafunga ngapi.

Wateja wangu wanajua mwezi wa Ramadhani mimi silali, kanzu za Idi zimepangwa dukani mpaka karibu zinagusa dari na kila mwenye yake anataka awe wa kwanza. Sasa mwaka huu nimepata kitu cha kukesha nacho na si redio, ni basketiboli ya vyuo vidogo vya Marekani. Usicheke. Simu naiegemeza kwa mkebe wa vifungo, bando nanunua ile ya usiku ya bei rahisi, naendelea na kazi huku jicho moja liko kwa skrini.

Sababu ni mtoto wa dadangu, yuko chuo kimoja kidogo kule Ohio, mwaka wa pili, na anachezea timu ya chuo. Nikisema anacheza, watu hapa mtaani washamjengea nyumba Nyali, kule kwa matajiri. Wananiuliza ati ashaingia NBA, ile ligi kubwa ya kulipwa? Analipwa ngapi? Mbona dadako bado anauza viazi karai? Nimeeleza nimechoka, kwa hivyo acha nieleze hapa mara moja kila mtu asome. Huko vyuo vimegawanywa madaraja matatu toka 1973. Yale mashindano makubwa ya mwezi wa tatu mnayoyaona kwenye TV, viwanja vimejaa mpaka juu, hilo ni daraja la kwanza. Kijana wetu yuko daraja la tatu, ambako kuna vyuo zaidi ya 400, na huko hakuna skolashipu ya michezo, hata uwe unaruka kama panzi. Kilichompeleka ni maksi zake za fomu foo na ule msaada ambao chuo chenyewe kinatoa kikiangalia hali ya familia, na pengo lililobaki anaziba kwa kuosha masahani jikoni hapo hapo chuoni, manake viza ya mwanafunzi hairuhusu kuzidisha masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya chuo hawezi kwenda kusaka kibarua kiholela. Basi, ndio hiyo nyumba ya Nyali.

Sio kwamba daraja hilo halijatoa mtu. Devean George alitoka chuo cha Augsburg akachukuliwa na Lakers ya NBA mwaka wa 1999, akabeba ubingwa mara tatu, na yule Duncan Robinson mtupaji wa pointi tatu alianzia Williams, chuo kidogo kabisa, kabla ya kuhamia chuo kikubwa cha Michigan na baadaye Miami Heat ya NBA. Lakini hao ni wa kuhesabu kwa vidole. Wengine wote wanamaliza masomo wanakuwa wahasibu.

Sasa utamu wenyewe uko Januari na Februari. Toka Novemba timu zinacheza na yeyote yule, alafu mwaka ukigeuka zinaingia kwenye konferensi, yaani ligi ya majirani, vyuo vya mwendo wa basi tu, na konferensi ya kijana wetu mnakutana mara mbili, kwako na kwake, Jumatano na Jumamosi. Mtu akikufunga nyumbani kwako mwezi wa kwanza, mwezi wa pili unapanda basi unaenda kulipisha deni, kochi wake anakujua, mchezo wako anaujua, hata yule mzee anayekupigia kelele kutoka kiti cha mbele nshamjua mimi niliye huku. Ohio hivi vyuo vimejaa utadhani vioski, na usidhani ni vya mchezo mchezo, Wittenberg ilikuwa bingwa wa taifa wa daraja hilo 1977, Ohio Wesleyan 1988, Otterbein 2002. Hao Ohio Wesleyan timu yao inaitwa Maaskofu Wapiganao, wallahi nimecheka mpaka uzi ukakatika. Na kuna chuo kingine chaitwa Kenyon, siku ya kwanza kuona hilo jina kwa ratiba nilidhani wameandika Kenya wakakosea, nikamwambia dadangu mwanao anacheza na timu ya taifa.

Kisha mwisho wa Februari kuna mchujo wa konferensi, na hapo ndipo mtu anaweza kufa kwa presha, kwa sababu bingwa wa mchujo anapata tiketi ya moja kwa moja ya kuingia kwenye mashindano ya taifa ya timu 64, hata kama msimu mzima alikuwa akipigwa kama ngoma. Anayeshindwa inabidi angoje kama hesabu za kompyuta zitamkumbuka, na wengi haziwakumbuki.

Saa moja ya jioni kwao ni saa tisa ya usiku kwetu. Kwa hivyo mechi ya Jumatano mimi naiona Alhamisi saa tisa, ikiisha naenda kula daku, ya Jumamosi mara nyingi wanacheza mchana kwao nami nimetoka tarawehe nimekunywa uji wangu. Mungu akipanga amepanga.

Juzi ilikuwa mechi ya mwisho kabla ya mchujo. Kamera yenyewe moja, iko juu kwenye kona, mtangazaji ni mwanafunzi ana mafua unamskia akivuta kamasi, na jina la kijana wetu halijui kulitamka, kila mara analianza upya kama mtu anayewasha pikipiki mbovu. Watazamaji labda mia mbili na kitu. Viatu vinalia kwi kwi sakafuni, kochi anaguruma, yaani unaskia kila kitu. Kijana wetu ni wa benchi, acha nisidanganye, akipata dakika nane ni sikukuu. Lakini usiku huo mwenzake mmoja alifika faulu tano akatolewa, akarudishwa yeye uwanjani, timu iko nyuma pointi mbili na zimebaki sekunde kama arubaini. Mpira ukazunguka, ukamfikia kwenye kona, yuko peke yake, hakuna mtu! Mimi mguu uko kwa pedeli ya cherehani nimesahau kuutoa. Akarusha. Ukagusa chuma, ukapanda juu, ukazunguka kwenye ile duara kama unafikiria, ukatoka.

Tulifungwa kwa hizo hizo mbili. Na kanzu ya watu nimeshona mkono wa kulia kwenye tundu la kushoto, nimekaa kuufumua mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa skiza, Mhariri, hapa ndipo ninapotaka kufika. Kabla sijamaliza tende zangu za daku, ile mechi ilikuwa ishatolewa karatasi yake ya takwimu, kila mchezaji na mstari wake. Kijana wetu: dakika 8, mitupo ya pointi tatu 0 kwa 1, ribaundi 2, yaani mipira aliyoidaka mtu akikosa kikapu, faulu 1. Hata kule kukosa kwake kumeandikwa! Dadangu alipoona alikasirika, ati kwa nini wamemuandikia sifuri mtoto wa watu, si wangeliacha wazi tu. Lakini mimi nilikaa nikaitazama ile sifuri muda mrefu. Chuo kina wanafunzi hawajai elfu mbili, watazamaji wachache kuliko waliokuwa kwenye harusi ya jirani yangu wiki iliyopita, na bado kuna kijana ameketi kwenye meza pembeni ya uwanja kazi yake ni kuandika nani kashika mpira, nani kapoteza, nani katoa pasi ikazaa kikapu. Mechi zote za msimu hivyo hivyo.

Ndio maana watu wa huko wanaweza kubishana na ushahidi mkononi. Kuna kijana mmoja wa chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, Jack Taylor, tarehe 20 Novemba 2012 alifunga pointi 138 kwenye mechi moja. Mia moja thalathini na nane, mtu mmoja. Ukisema uongo, unaonyeshwa karatasi: alirusha mara 108 zikaingia 52, za pointi tatu alirusha 71 zikaingia 27, na timu yake ikashinda 179 kwa 104. Unaweza kusema huo si mpira ni wazimu, na mimi nasema hivyo hivyo, manake wenzake wanne walikuwa pale kumletea mpira tu kama makuli, lakini huwezi kusema halikutokea.

Haya njoo kwetu. Pale baraza ya kahawa Mwembe Tayari kuna wazee wawili kila mwaka wanagombana juu ya mtu mmoja aliyekuwa akicheza basketiboli uwanja wa Makande miaka ya themanini. Mmoja anaapa kwamba jamaa alifunga 60 kwa mechi moja, mwingine anasema ni 48 na yeye alikuwa ameketi karibu na refa. Mara moja walinuniana mwezi mzima kwa sababu ya hizo pointi kumi na mbili. Na hakuna pa kwenda kuuliza! Nilimuuliza mzee wa 48 huyo mchezaji yuko wapi, akasema alikufa. Yaani mtu ameenda na namba zake.

Na si hao wa zamani peke yao. Kijana wetu alipokuwa akituma maombi, kochi mmoja wa huko alimjibu vizuri tu, akamwambia tuma video na takwimu za mechi zako za shule. Takwimu gani? Alikuwa amecheza mashindano ya shule mpaka ngazi ya mkoa, watu wakaja, hotuba zikatolewa, soda zikanywewa, na walioandaa hawakuweka hata karatasi moja zaidi ya matokeo ya mwisho. Nilienda mwenyewe kuuliza kwenye ofisi moja, nikaambiwa daftari la msimu ule lilikuwa kwa mwalimu aliyehamishwa. Video tulipata moja, imechukuliwa na rafikiye kwa simu, imesimama wima, nusu yake ni kichwa cha mtu aliyekaa mbele. Kilichotuokoa ni mamake. Huyo dadangu hajui sheria hata moja ya basketiboli, lakini kila mechi aliyokwenda alikuwa akiandika nyuma ya daftari lake la madeni ya viazi, kijiti kimoja kwa kila kikapu cha mwanawe, basi. Tulikaa usiku tukahesabu vijiti, tukapiga picha zile kurasa na mafuta yake, tukatuma. Kochi alijibu kwamba katika maisha yake hajawahi kupokea takwimu zenye harufu ya chakula.

Hebu fikiria watoto ambao mama zao hawauzi viazi.

Ukurasa wako, Mhariri, siku ya Jumatatu nausoma wote. Naona Arsenal, naona Manchester, naona nani kaumia goti huko Uhispania, na basketiboli ikitajwa ni LeBron. Mimi sina ugomvi na LeBron. Lakini timu ya KPA, ya watu wa bandari, iko hapa hapa, Makande ni mwendo wa tuktuk kutoka dukani kwangu, na ikicheza nabahatika kupata mistari miwili: fulani kamfunga fulani, mwisho. Nani alifunga? Ribaundi ngapi? Yule kijana mwembamba aliyeingizwa mwishoni, jina lake nani? Februari 2021 Kenya ilipoipiga Angola 74 kwa 73 kule Yaoundé, Tylor Ongwae akitupia ile ya mwisho saa inaisha, Angola hao hao waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11, nchi nzima iliruka. Mtupo mmoja ule tunaukumbuka wote. Uliza sasa pointi zingine sabini na kitu zilifungwa na nani na nani, uone watu wanavyotazama dari.

Sikuombi ukurasa mzima, najua karatasi ni ghali na matangazo ya viwanja ndiyo yanayolipa mishahara. Naomba kijisanduku, saizi ya tangazo la mganga, siku ya Jumatatu, kila mechi ya Mombasa, majina na pointi, za wanaume na za wanawake, na za shule zikifika mkoa. Ukisema huna mtu wa kwenda, mimi Jumamosi nafunga duka mapema.

Na ili usidhani napiga domo, Jumamosi moja kabla mwezi haujaandama nilienda kuangalia mechi ya vijana wa mtaa, nikakaa pembeni na kalamu na karatasi ile ya kukatia paterni za nguo. Nimekosea kosea robo ya kwanza, ribaundi zinaenda mbio kuliko mkono wangu, lakini pointi zote ziko sawa, nimezijumlisha mara tatu zimelingana na ubao. Karatasi nimeiambatanisha na barua hii. Yule wa jezi nambari 9 aliyefunga 17 hakuna aliyekuwa akilijua jina lake, hata refa, nikamngoja nje akanunua miwa pale mlangoni nikamuuliza. Nimeliandika nyuma, kwa chaki ya nguo, kwa hivyo usipitishe mkono juu yake, litafutika.

Wako,
Fundi wa kanzu, Majengo, Mombasa